Tyubu moja haiponyi kila ngozi: namna ya kutumia dawa za kupaka na za kumeza

Asubuhi za Julai hapa Uyole, Mbeya, ukungu wa milima ya Uporoto ukiwa bado haujaondoka barabarani, mteja wangu wa kwanza huwa amejifunga kitenge mpaka puani. Mkononi ameshika tyubu iliyokamuliwa ikabaki nyembamba kama karatasi. "Dokta, naomba kama hii." Mimi si daktari, ni mtu wa famasi, lakini kusahihisha nilishachoka. Ninachotazama ni tyubu yenyewe. Mara nyingi ndani yake mna dawa tatu kwa pamoja: ya fangasi, ya bakteria, na steroidi kali, yaani dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho. Ameipata kwa jirani, jirani alipewa na shemeji yake wa Mafinga, na huyo shemeji aliandikiwa kwa ajili ya kitu kingine kabisa.

Nimeandika mwongozo huu kwa ajili ya huyo mteja. Haumwondoi daktari kwenye kazi yake. Unakusaidia usiharibu ngozi kabla hujamfikia, na ukishapewa dawa, uitumie ipasavyo.

Hatua ya 1: Itazame ngozi kwenye mwanga wa mchana

Toka nje au simama mlangoni, maana taa ya ndani hudanganya. Kisha jiulize mambo machache.

Je, ni duara lenye ukingo ulioinuka kidogo na katikati kama pamepona? Hiyo huenda ni choa, yaani fangasi wa mwilini. Likiwa kichwani kwa mtoto, nywele zimekatika na pana magamba ya kijivu, ni mapunye. Fangasi ni walewale, ila matibabu ni tofauti kabisa, na nitaeleza kwa nini.

Muwasho unazidi usiku, vipele viko katikati ya vidole, kwenye vifundo vya mikono, kiunoni na matakoni, na mwingine nyumbani naye anajikuna? Fikiria upele, ule unaoletwa na kidudu kinachochimba ndani ya ngozi. Ngozi kavu inayowasha kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti, ya kuja na kuondoka tangu utotoni, hasa kama ukoo wenu una pumu, mara nyingi ni pumu ya ngozi. Magamba meupe mazito juu ya viwiko, magoti na kichwani yanaweza kuwa soriasisi.

Ukiwa mkulima wa pareto kule Umalila au Makete na mikono na uso huwasha msimu wa kuchuma, usitafute mbali: maua ya pareto yanaweza kuleta mzio wa ngozi. Mafundi ujenzi nao saruji huwafanyia hivyohivyo. Hapo utapaka dawa mwaka mzima kama hujavaa glavu.

Na kuna doa moja ambalo nakuomba usilipake chochote: doa lililofifia rangi au jekundu ambalo halina hisia. Fumba macho, mwambie mtu aliguse kwa kipande cha pamba. Usiposikia, nenda kituo cha afya wiki hiyohiyo wakuchunguze ukoma. Dawa zake ni za kumeza, hutolewa bure, na hutumika miezi 6 au 12 kulingana na aina. Kuchelewa huko kunagharimu vidole.

Hatua ya 2: Soma jina lililoandikwa kwa herufi ndogo

Jina kubwa kwenye boksi ni la biashara, na hilo kila kampuni lina lake. Chini yake, kwa herufi ndogo, kuna jina la dawa yenyewe. Kwenye tyubu za ngozi, jina linaloishia na "-zole" kwa kawaida ni dawa ya fangasi. Jina linaloishia na "-sone", pamoja na lile linaloanza na "clobeta-", ni steroidi. Ukiona yote mawili kwenye boksi moja, hiyo ni ile krimu ya mchanganyiko niliyoisema.

Steroidi si sumu. Kwa pumu ya ngozi na soriasisi ndizo dawa zinazofanya kazi, na watu huziogopa kupita kiasi pale zinapohitajika. Kasoro ni kwamba hutuliza kila kitu kwa siku tatu za mwanzo, hata kile ambacho haziponyi. Mwaka wangu wa kwanza nyuma ya kaunta, kwenye duka moja ambalo halipo tena, nilimuuzia kijana wa bodaboda krimu ya mchanganyiko kwa choa kilichokuwa kiunoni, kikubwa kama sarafu. Wiki moja baadaye akaja kunishukuru, "Ndaga fijo," yaani asante sana kwa Kinyakyusa, muwasho umekwisha. Baada ya miezi miwili alirudi tena, akapandisha shati bila kusema neno. Choa kilikuwa kimezunguka kiuno chote na kushuka mapajani, bila ule ukingo wa kukitambulisha, ngozi imepauka na kuwa nyembamba. Steroidi ilikuwa imezima uwekundu na kuwaacha fangasi watembee. Ilibidi ameze vidonge vya terbinafini kwa wiki kadhaa. Tangu siku hiyo simpi mtu mchanganyiko kwa choa, hata akinitajia maduka matano wanaompa.

Mkorogo nao uko kwenye hesabu hiyohiyo. Krimu nyingi za kuchubua huwa na klobetasoli, haidrokwinoni au zebaki. Mbili za mwisho zimepigwa marufuku katika vipodozi nchini, na klobetasoli ni dawa ya cheti. Anayejipaka hiyo usoni kila siku, akiacha ghafla uso huwaka na kutoka vipele vyekundu, naye hudhani ugonjwa umeanza kwa sababu ameacha. Anairudia. Ukiwa kwenye mduara huo, mwone daktari akupangie namna ya kushuka polepole.

Hatua ya 3: Chagua marhamu au krimu kwa kuangalia ngozi na hali ya hewa

Dawa ileile inaweza kuja kama marhamu, krimu au losheni. Marhamu ni nzito, ina mafuta, inang'aa, inakaa. Inafaa ngozi kavu, yenye magamba au iliyopasuka. Krimu ina maji ndani yake, inaingia haraka, inafaa palipo na unyevu na kwenye mikunjo. Losheni ni ya kichwani na sehemu zenye nywele.

Mtu wa Kyela, kule chini ziwani kwenye joto na jasho, akipaka marhamu mapajani atalalamika siku ya kwanza. Mtu wa Makete au Njombe mwezi wa saba, ngozi imepasuka kama udongo wa kiangazi, akipewa krimu itamkaukia kabla hajavaa sweta. Unaruhusiwa kumwambia muuza dawa unaishi wapi na unafanya kazi gani. Sisi tunasahau kuuliza.

Baridi yetu ina mambo yake mengine. Maji ya moto sana na sabuni ya mche vinaondoa mafuta ya ngozi, na mwenye pumu ya ngozi atajikuna usiku kucha. Oga maji ya vuguvugu, kwa muda mfupi, sabuni kidogo isiyo na manukato. Jifute kwa kugusagusa, na ndani ya dakika chache, ngozi ikiwa bado na unyevu, paka mafuta ya mgando. Kama siku hiyo una dawa ya kupaka pia, acha nusu saa kati ya dawa na mafuta. Vaa pamba ndani, sweta la sufu juu yake.

Tahadhari moja ambayo haiandikwi kwenye tyubu nyingi: mafuta ya mgando na marhamu zikilowea kwenye nguo, nguo hiyo hushika moto haraka na huwaka kwa nguvu. Na sisi ndio watu wa kuota moto. Mtoto aliyepakwa mafuta mwili mzima na kuviringishwa blanketi lilelile kila siku asisogezwe jikoni kwenye mafiga.

Hatua ya 4: Pima kwa ncha ya kidole

Hapa ndipo wengi hupotea. Dawa ya fangasi hupakwa kidogo mno, steroidi hupakwa kama losheni ya mwili. Kipimo kinachotumika duniani kote ni rahisi. Nyoosha kidole cha shahada cha mtu mzima. Kamua dawa mstari mmoja kutoka kwenye ncha mpaka kwenye mkunjo wa kwanza. Huo mstari ni kama nusu gramu, na unatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima, vidole vikiwemo.

Ukishajua hapo, hesabu inakuja yenyewe. Uso na shingo ni mistari 2 na nusu. Mkono mzima bila kiganja ni 3, kiganja pande zote mbili ni 1. Mguu ni 6, wayo 2. Kifua na tumbo 7, mgongo 7. Kwa mtoto, tumia kidole chako wewe mtu mzima lakini mistari michache: mtoto wa mwaka mmoja au miwili uso na shingo ni mstari 1 na nusu, mguu na wayo wake ni 2.

Tyubu ya gramu 15 ina mistari kama 30. Kwa hiyo mtu mwenye ugonjwa mwili mzima akipewa tyubu moja ya gramu 15 aitumie wiki mbili, hiyo haitoshi hata siku moja, na ana haki ya kuuliza. Kinyume chake, tyubu ya klobetasoli iliyoisha kwa siku nne kwa doa moja la kiwiko inaniambia kuna mahali pengine inapakwa.

Hatua ya 5: Jua siku ya kuacha

Fangasi na steroidi zina kanuni zinazopingana, na watu huzigeuza.

Dawa ya fangasi kama klotrimazoli hupakwa mara 2 kwa siku, ukivuka ukingo wa doa kwa upana wa kidole hivi, kwa wiki 2 hadi 4. Doa likiisha, endelea wiki moja au mbili zaidi. Ngozi hutakata kabla fangasi hawajaisha. Anayeacha siku anayofurahi ndiye anayerudi mwezi unaofuata akisema dawa ni feki.

Steroidi ni kinyume: paka mpaka ngozi itulie, kisha punguza. Haidrokotisoni ya asilimia 1 ni hafifu, hiyo ndiyo inayoweza kupakwa usoni na kwa mtoto, tena kwa siku chache. Betamethasoni ni kali. Klobetasoli ni kali kupita zote. Isizidi wiki 2 mfululizo bila daktari, isipakwe usoni, kwapani, kwenye kinena wala chini ya nepi. Ikizidi, ngozi huwa nyembamba, michirizi hutokea mapajani, na hiyo michirizi haifutiki. Karibu na macho inaweza kupandisha presha ya jicho.

Chunusi zinataka subira ya wiki 6 hadi 8. Benzoili peroksaidi inasaidia sana, ila hupausha nguo. Tumia taulo jeupe, na kanga uipendayo iweke mbali na mto.

Hatua ya 6: Upele ni wa nyumba nzima, siku moja

Niruhusu nikae hapa kidogo, kwa sababu upele ndio unaotuvunja moyo zaidi, hasa shule za bweni zinapofungwa na watoto kurudi na masanduku yao.

Dawa inayopatikana kirahisi ni benzili benzoeti ya asilimia 25, ile nyeupe ya majimaji inayochoma. Ipo pia krimu ya perimethrini ya asilimia 5. Jambo la kufurahisha ni kwamba perimethrini ilitengenezwa maabara kwa kuiga kiua wadudu cha ua la pareto, hilihili linalokaushwa kwenye mikeka kwetu milimani.

Chagua jioni moja ambayo wote wapo. Kila anayelala nyumbani humo apakwe, awashwe asiwashwe, kwa sababu kidudu kinaweza kukaa wiki 4 hadi 6 kabla mtu hajaanza kuwashwa kwa mara ya kwanza. Oga, jikaushe, acha mwili upoe. Paka kuanzia shingoni mpaka nyayo: katikati ya vidole, chini ya kucha, kitovuni, sehemu za siri, mikunjo yote. Sehemu isiyopakwa ndiyo mlango wa kurudi. Mtu akinawa mikono, apakwe tena mikono. Benzili benzoeti hukaa saa 24, na kwa kawaida hurudiwa siku ya pili au ya tatu. Perimethrini hukaa saa 8 hadi 14, ikarudiwa baada ya wiki moja. Kwa mtoto wa zaidi ya miaka 2, benzili benzoeti huchanganywa na maji kiasi sawasawa. Mdogo kuliko hapo na mjamzito, mpelekeni kituoni. Kuna marhamu ya salfa na njia nyingine.

Asubuhi inayofuata, mashuka, blanketi na nguo za siku tatu zilizopita zifuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani. Visivyofulika vifunge kwenye mfuko wa plastiki siku 4 au zaidi. Nje ya mwili wa mtu kidudu kwa kawaida hakiishi zaidi ya siku 3.

Kisha muwasho utaendelea wiki 2, hata 4. Hilo ni mzio wa mabaki, si lazima dawa imeshindwa. Akina mama wengi hurudia kupaka kila usiku mpaka ngozi inaungua, na sasa wana ugonjwa wa pili.

Ikishindikana kupaka, kuna vidonge vya ivermektini. Kipimo chake hufuata uzito, kwa hiyo panda mzani kwanza. Dozi ya pili baada ya siku 7 hadi 14. Mtoto chini ya kilo 15 na mjamzito hawapewi.

Hatua ya 7: Vidonge, na masharti yake

Dawa ya kumeza hupita mwili mzima kufika kwenye ngozi, kwa hiyo inahitaji sababu: eneo ni kubwa, dawa ya kupaka haifiki, au ya kupaka imeshindwa.

Mapunye ni mfano mzuri. Fangasi wamekaa ndani ya unywele, chini kwenye shina. Krimu haifiki huko hata ukipaka kopo zima. Mtoto anahitaji griseofulvini kwa uzito wake, kila siku, wiki 6 hadi 8 au zaidi, na imezwe pamoja na chakula chenye mafuta, vinginevyo sehemu kubwa hutoka bila kufyonzwa. Wakati wa parachichi Rungwe na Njombe sina haja ya kumwambia mama anunue kingine: nusu parachichi na kidonge. Maziwa au karanga vinafaa pia. Chanuo na mashine ya kunyolea visichangiwe. Griseofulvini haimfai mjamzito, na hupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango. Kuhusu vidonge vya ketokonazoli kwa fangasi wa ngozi, kataa. Huumiza ini, na tangu 2013 mamlaka za dawa za Ulaya na Marekani zilizuia au kubana matumizi hayo. Shampuu yake haina neno.

Doksisaiklini kwa chunusi: meza na glasi nzima ya maji ukiwa umekaa wima, usilale papo hapo, maana inaweza kuunguza koo la chakula. Haipewi mjamzito wala mtoto mdogo. Hufanya ngozi iungue na jua, na jua la huku milimani huunguza hata siku ya baridi. Vaa kofia shambani. Isotretinoini ni ya bingwa peke yake: huharibu mimba vibaya, na mwanamke anayeitumia lazima awe kwenye uzazi wa mpango wa uhakika mpaka mwezi mmoja baada ya kuacha.

Predinisoloni, steroidi ya vidonge, humezwa asubuhi baada ya kula. Kabla ya kuanza, sema kama una kisukari, presha, vidonda vya tumbo au uliwahi kuugua kifua kikuu. Ukiitumia zaidi ya wiki 3, usiiache ghafla. Mwenye soriasisi asijipe mwenyewe, kwani kuiacha kunaweza kuamsha soriasisi ya usaha ya mwili mzima. Zile "sindano za muwasho" za mtaani nyingi ni steroidi hizihizi.

Methotreksati kwa soriasisi humezwa mara moja kwa wiki. Nasema tena, kwa wiki. Kuimeza kila siku kumeua watu. Chagua siku isiyosahaulika, kama siku ya gulio lenu, andika kwenye boksi kwa kalamu nene. Folik asidi humezwa siku nyingine. Vipimo vya damu na ini havikwepeki. Na hapa kwetu kuna la ziada: wengi wanaotumia ARV hupewa pia Septrin. Methotreksati na Septrin pamoja zinaweza kuzima utengenezaji wa damu kwenye uboho. Mwambie anayekuandikia kila kidonge unachomeza, hata kile usichopenda kukitaja dirishani mbele ya foleni. Omba chumba.

Piriton, kidonge cha muwasho, inalaza. Dereva asiimeze asubuhi.

Hatua ya 8: Hizi dalili hazisubiri kesho

Umeanza dawa mpya, hasa Septrin, nevirapini (mojawapo ya ARV), dawa za kifafa au SP ya malaria, na ndani ya siku au wiki chache unapata homa, macho mekundu, vidonda mdomoni au sehemu za siri, ngozi inauma na kutoka malengelenge: acha dawa hiyo, nenda hospitali usiku huohuo na boksi lake. Ngozi inaweza kuchunika kama ya mtu aliyeungua.

Ndogo kuliko hiyo ni doa jeusi la mviringo linalorudi palepale, mdomoni au mkononi, kila ukimeza dawa fulani. Huo ni mzio wa dawa hiyo. Andika jina lake kwenye daftari lako la kliniki.

Hatua ya 9: Siku ya kwenda kliniki

Huhitaji kila mara kufika Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya. Kituo cha mafunzo ya ngozi cha hospitali ya KCMC, Moshi, kimekuwa kikifundisha matabibu tangu 1992, na baadhi yao wako hospitali za kawaida. Uliza ya wilaya yako kama ina siku ya kliniki ya ngozi.

Usipake kitu chochote asubuhi hiyo, hata mafuta. Usijipodoe. Kama ugonjwa huja na kuondoka, upige picha kwa simu siku unapowaka, mchana, karibu na dirisha. Halafu chukua mfuko, tia tyubu zote ulizowahi kutumia, zilizoisha na zilizoazimwa, na ile isiyo na lebo uliyonunua stendi. Hiyo ya stendi ndiyo itakayotazamwa kwanza.